Ukiona "hu-" kwenye kidokezo, tia shaka

Mleta uzi anauliza: mbona maneno yote anayajua, lakini vidokezo vya chemshabongo vyenye utani vinampiga chenga? Akatoa mfano: "Hufunika nyumba, hukimbia porini (3)", namba ya mabanoni ikiwa idadi ya herufi za jibu. Jibu ni PAA. Nieleze kwa nini lilimponyoka, maana hii ndiyo burudani yetu ya saa ya chakula hapa River Road, Nairobi, tunakochapa kadi za harusi na vitabu vya risiti.

Sisi tumelelewa na vitendawili. Ukiambiwa "nyumba yangu haina mlango", akili inakimbilia yai. Kidokezo cha namna hii hakitaki uone kitu, kinataka usikie neno. Ukianza kuwaza ni mnyama gani anayelala juu ya mabati, umekwisha.

Chunguza ngeli. Paa wa porini ni a-wa, paa la nyumba ni li-ya. Mtunzi angeandika "Linafunika nyumba, anakimbia porini", siri ingevuja papo hapo. Ndiyo maana anajificha nyuma ya "hu-", ambayo haibebi kiambishi cha ngeli yoyote. Nikiona "hu-" mbili zimefuatana, naacha kutafuta kitu kimoja chenye tabia mbili, natafuta vitu viwili vinavyogombea jina moja. "Hufungwa shingoni, huruka angani (3)": TAI. "Hutiwa kwenye sambusa, hurukaruka mitini (4)": KIMA.

Tuna mzee mmoja hapa kazini, mtu wa Mombasa, hutunga vyake nyuma ya karatasi zilizoharibika mashineni. Wiki moja alituletea "Hukuna nazi, huchinjwa Kiamaiko (5)". Vijana wakakodoa macho. Kiamaiko, kwenye machinjio ya mbuzi hapa Nairobi, wanaijua, nyama yake wanaila, ila nazi wao huijua ya pakiti! MBUZI ya kukunia hawajaiona maishani. Kwa hiyo msamiati wa jikoni kwa bibi nao ni silaha, kamusi peke yake haitoshi.

Kuna pia vya kinyume, na hapa waliozoea chemshabongo za Kiingereza ndio huumia zaidi. "Lima kinyume upate utajiri (4)". Wao hugeuza herufi moja moja, wanapata "amil", wanakasirika. Kinyume cha watoto wa pwani hugeuza silabi: li-ma, MALI. Sasa jaribu "Tatu kinyume hupunguza kasi ya matatu". TUTA, bila shaka, na ukiishi Nairobi mgongo wako unalijua.

Vya kuficha ni rahisi ukishavizoea. "Aliko ndoo hazijai, ndimo alimolala mfugo (6)". Soma bila kujali nafasi kati ya maneno: aliKO NDOO.

Vya Kiingereza vina desturi yake. Maana ya kawaida hukaa mwanzoni au mwishoni mwa kidokezo, yaliyobaki ni mchezo wa herufi. Waingereza waliijenga mitindo hiyo kuanzia miaka ya 1920, muda mfupi baada ya Arthur Wynne, anayetajwa kuwa mwanzilishi wa mchezo huu, kuchapisha chemshabongo yake ya kwanza katika gazeti la New York World, Desemba 21, 1913. Watunzi wetu hawajafungwa na desturi hiyo, kwa hiyo usiihamishe huku ukategemea itakuokoa.

Ukikwama kabisa, anzia nyuma. Neno la Kiswahili karibu kila mara huishia kwa irabu, na kitenzi chenye asili ya Kibantu huishia kwa a. Kidokezo kikiwa amri, mimi huandika A kwa penseli kwenye kisanduku cha mwisho kabla sijajua neno lenyewe. Kwa penseli, narudia, kwa sababu kuna "jibu", "samehe" na wenzao wa Kiarabu.

Nakuachia kimoja cha yule mzee: "Hulaliwa kitandani, hufurika Aprili (3)". Ukikipata kiandike hapa chini, na wengine tafadhali msimwibie.