Umekata Utumbo, Sasa Unalenga Kilo Ngapi?

Siku daktari aliponiambia kwamba baada ya upasuaji wa kupunguza uzito nitaishia kwenye kilo 90 hivi, nilienda kulia kwenye gari. Nilikuwa nimeuza kiwanja, nimekopa SACCOS, nimemdanganya mama mkwe kwamba nafanyiwa upasuaji wa kidole tumbo, halafu mtu ananiambia kwamba mwisho wa yote hayo ni kilo 90! Kichwani mwangu mimi nilikuwa naenda 65. Ndizo kilo nilizoolewa nazo mwaka 2006, na gauni la harusi lilikuwa bado linaning'inia kabatini.

Alichukua karatasi ya dawa, akaigeuza upande usio na maandishi.

"Mama, una urefu gani?"

"Mita moja na 62."

"Na leo mizani imesoma 128. Kwa urefu huo, uzito unaoitwa wa kawaida unaishia 65 na kidogo. Kwa hiyo ziada yako ni kilo 62. Upasuaji huu, kwa wengi, unaondoa kama asilimia 60 ya hiyo ziada. Haya, piga mwenyewe."

Nikapiga kwenye simu. Ikaja 37. Nikatoa kwenye 128, nikabaki na 91. Nikarudia, nikidhani nimekosea.

Kuna njia nyingine ya kupiga hesabu hiyo hiyo, na mimi naona ni rahisi zaidi: watu wengi waliofanyiwa upasuaji kama wangu wanapoteza asilimia 25 hadi 30 ya uzito wote waliokuwa nao mwanzo, ndani ya mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Kwa mtu wa 128, hapo ni kati ya kilo 96 na 90. Kufika 65 ingekuwa kupoteza karibu nusu yangu. Wapo wachache sana wanaofika huko, na ndio hao picha zao zinazunguka kwenye simu zetu.

Mtaani wanasema "amekata utumbo". Mimi utumbo wangu upo wote. Kilichokatwa ni mfuko wa chakula, umetolewa karibu asilimia 80 yake, ukabaki kama ndizi nyembamba. Wengine wanafanyiwa ule wa kupitisha chakula njia ya mkato, ambao kwa kawaida unapunguza zaidi kidogo. Wengine wanawekewa puto ndani ya mfuko wa chakula, ambalo linatolewa baada ya muda na upungufu wake ni mdogo zaidi. Nayataja haya kwa sababu utakutana na mtu wa puto na mtu wa njia ya mkato wanagombana kilo, kila mmoja anamwona mwenzake mvivu au muongo.

Kosa hilo nililifanya mimi mwenyewe. Kundi letu la WhatsApp lilikuwa na kaka mmoja aliyeanza na kilo 170. Mwezi wa kwanza akatangaza ameshusha 22. Mimi nilikuwa nimeshusha 11. Nikala uchungu wiki nzima, wakati hesabu ilikuwa wazi: mwanaume, ana mwili mkubwa kuliko wangu, lazima aangushe kilo nyingi mwanzoni. Ukitaka kujilinganisha, linganisha asilimia. Afadhali zaidi usijilinganishe kabisa, ila najua hutanisikia.

Halafu kuna wiki ya tatu. Hii naomba uisome mara mbili. Wiki mbili za kwanza nilikuwa kwenye supu na maziwa, kilo zinadondoka kama maembe ya Desemba. Wiki ya tatu mizani ikasoma 117. Kesho yake 117. Siku kumi, 117, na mimi nakula vijiko vitano vya uji mwepesi kwa mlo! Nilimpigia muuguzi saa tatu usiku nikamwambia upasuaji umefeli. Akacheka, si kwa ubaya. Akasema kila mtu anampigia wiki ya tatu. Mwanzoni mwili unaachia maji mengi, baadaye unatulia na kujipanga upya, kisha unaendelea. Nilikuja kusimama tena mwezi wa tano, nikasimama na wa tisa. Mtu asiyejua anamalizia hasira kwenye chakula, au anaacha kula kabisa, na hapo ndipo misuli inapokwenda badala ya mafuta.

Kama mwezi wa nne hivi, nilikuwa kwa msusi wangu, amekaa nyuma yangu anafumua. Akanyamaza. Msusi wangu huwa hanyamazi. Nikageuka nikaona ameshika fungu la nywele mkononi, kubwa kama yai, anatafuta pa kuliweka ili nisilione. "Dada, unaumwa?" Ndiyo swali nililoulizwa kuliko yote mwaka ule: kazini, kanisani, msibani. Kwetu mtu akinenepa amependeza, akipungua haraka anapewa pole. Shangazi yangu alikuja na lita tano za asali ya Tabora ili nirudi mwilini. Nywele kunyonyoka kati ya mwezi wa tatu na wa sita ni jambo la kawaida, na mara nyingi zinarudi, ila nilipopima ikaonekana pia madini ya chuma mwilini yalikuwa chini na protini sifikishi. Lengo langu la kilo lilikuwa limenifanya nisahau lengo la protini, gramu 60 hadi 80 kwa siku. Yai moja lina kama sita. Hebu fikiria mtu anayeshiba kwa nusu yai.

Kwa hiyo kama nikipanga upya, kilo zitakuwa mstari wa mwisho kwenye orodha. Wa kwanza utakuwa protini kabla ya kitu kingine chochote sahanini: samaki au nyama kwanza, mboga zifuate, ugali ukipata nafasi. Kisha maji, kidogo kidogo siku nzima, lakini si pamoja na chakula. Nasubiri nusu saa. Na vitamini kila siku, maisha yote, hata ukijisikia mzima. Baada ya hapo yanakuja malengo ambayo mizani haiyaoni. Yangu yalikuwa mawili. La kwanza, kupanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu ofisini bila kusimama ghorofa ya pili kujifanya nasoma matangazo. Hilo lilitimia nikiwa bado na 104. La pili lilimhusu konda wa Mbagala aliyewahi kunidai nauli ya siti mbili mbele ya abiria wote. Nilipofika 96 niliketi dirishani, akaja kijana wa shule akakaa pembeni yangu, na nafasi ikabaki. Nililipa nauli moja. Sikusema kitu, nilitazama nje mpaka Mtoni. Dawa za presha nazo daktari alizipunguza kutoka mbili hadi moja, na hilo lilitokea zamani kabla ya 90. Usiziache mwenyewe lakini.

Mwezi wa 15 niligusa 88, uzito wangu wa chini kabisa. Sasa ni miaka miwili na nusu, nami nina 91. Ndiyo, zimerudi tatu. Mwanzo niliona aibu kuliandika hili. Lakini kule Sweden walianza kufuatilia watu wa upasuaji tangu 1987, na wale wa njia ya mkato walikuwa wamepungua asilimia 32 walipofika chini kabisa, kisha baada ya miaka 10 wastani ukawa 25. Kwa hiyo weka nafasi ya kilo kadhaa kurudi kwenye hesabu yako tangu siku ya kwanza. Tarehe ya kufika chini kabisa haiwezi kuwa ndiyo lengo.

Zangu tatu najua zilipopitia. Nyama ya kukaanga inakwama, ila andazi na chai ya maziwa vinateleza tu. Mfuko mdogo hauzuii kitu kinachoteleza, wala hauhesabu karanga unazotafuna ukiangalia tamthilia. Soda nilishaiacha, chai ya saa kumi ndiyo bado tunagombana.

Gauni nilimpa binti wa dada yangu, likabanwa kidogo kiunoni. Kwenye mlango wa kabati nimebandika karatasi yenye namba mbili, 88 na 93. Katikati hapo ndipo ninapoishi. Ikifika 93 nampigia mtaalamu wa lishe siku hiyo hiyo, kabla haijawa 98 nikaanza kumkwepa. Napima Jumamosi asubuhi tu, kabla ya chai. Juzi ilisoma 91.4. Nikashuka, nikaenda kuchemsha mayai.