Kichwa kilichopasua ghafla: tusubiri au twende?

Maswali ya safari hii yanahusu anurisimu: mshipa wa damu kichwani uliotuna kama kiputo, kisha ukapasuka.

Shikamoo Dokta. Shemeji alikuwa akipuliza salfa kwenye mikorosho, kichwa kikampasua ghafla, akatapika, shingo ikakaza. Leo asubuhi ana nafuu. Bado twende hospitali? (Masasi)

Marahaba. Nendeni sasa hivi. Nafuu hiyo ndiyo inayonitisha. Bonge la damu limeziba tundu, nalo linaweza kubanduka. Hatari ni kubwa zaidi katika saa 24 za mwanzo, na wengi wanaovuja mara ya pili hawaponi. Msimpe aspirini wala diklofenaki. Na msimpakie basi la Dar kwa kujiamulia! Aanzie hospitali iliyo karibu, presha ishughulikiwe, kichwa kipigwe CT scan, apewe rufaa kwa gari la wagonjwa.

Zamani mzee wetu aliambiwa angoje wiki mbili ndipo apasuliwe. Walikosea? (Mikindani)

Ndivyo madaktari wengi walivyoamini: ubongo uliotoka kuvuja damu umevimba, kuushika ni hatari. Utafiti uliotolewa mwaka 1990, wenye wagonjwa 3,521 kutoka nchi 14, ulionyesha kwamba waliopangiwa upasuaji siku tatu za mwanzo na waliopangiwa baada ya siku ya 10 hawakupishana sana. Walioumia zaidi ni wa siku ya 7 hadi 10, kipindi ambacho mishipa hujibana na ubongo kukosa damu. Ila anayengoja anaweza kuvuja tena akiwa kitandani. Ndiyo maana leo tunaziba mapema, ikiwezekana ndani ya saa 24, na mgonjwa anameza nimodipini, dawa ya kukinga ubongo usikose damu, kwa siku 21.

Kufunguliwa fuvu au kupitishiwa waya kwenye paja, kipi bora? (Lindi mjini)

Kwa mshipa unaokubali njia zote mbili, waya, unaopita ndani ya mishipa hadi kwenye kiputo na kukiziba, una nafuu: katika utafiti wa 2002, baada ya mwaka mmoja, waliokufa au kubaki tegemezi walikuwa takribani 24 kati ya 100, dhidi ya 31 wa klipu, yaani waliofunguliwa fuvu na kiputo kubanwa kwa kibanio. Mishipa mingine haikubali waya. Msizungukie hospitali mkitafuta waya huku saa zinakwenda.

Mume wangu amepona lakini anasahau, anachoka, ana hasira. Amechezewa? (Nachingwea)

Hapana, mama. Ni jeraha la ubongo, na huchukua miezi. Mpunguzie kazi, mrudishe kliniki. Sigara aache kabisa.