Birika Kwanza, Hema Baadaye

Nimepika kambini miaka 7, kwenye malori ya watalii yanayotoka Nairobi na kushuka hadi Livingstone, Zambia. Sasa nimetulia Arusha. Wiki haiishi bila simu ya vijana wanaotaka kuchanga mafuta, kukodi gari na kwenda zao Malawi kwa barabara. Wote huniuliza habari za simba. Bado sijapata hata mmoja wa kuniuliza habari za chai.

Basi nianze na chai. Mmetoka Mikumi alfajiri, mmepanda mlima Kitonga nyuma ya malori ya mizigo yanayojikongoja, mna vumbi hadi masikioni. Mnafika kambini kila mtu anataka hema lake lipate kivuli kuliko la mwenzake. Hapo ndipo ugomvi unapozaliwa, tena ugomvi wenyewe utasikia unaendelea hadi Lusaka. Mimi nilikuwa nashusha jiko la gesi na birika kubwa kabla mtu hajagusa kamba ya hema. Ikifika zamu ya kuamua nani alale karibu na choo, maji yameshachemka na kila mtu ana kikombe mkononi. Mtu aliyeshika kikombe cha moto hana mkono wa kunyang'anyia kitu.

Baada ya birika, maji. Si ya kunywa tu. Watu 20 wakipika, wakanawa na wakaosha vyombo, madumu mawili ya lita 20 yanakwisha usiku mmoja na asubuhi unaanza kudai. Jazeni mahali penye bomba la uhakika, msisubiri kambini. Nimefika kambi zenye bomba zuri linalong'aa na ndani yake hamna kitu.

Halafu mwanga. Kanuni yangu ilikuwa hema liwe limesimama saa 11 jioni, kwa sababu kigingi kinachopigwa gizani hupigwa kwenye jiwe au kwenye kidole. Kanuni hiyo ilinigeuka mpakani Kasumulu. Ukivuka mto Songwe kuingia Malawi, saa inarudi nyuma kwa saa moja. Safari yangu ya kwanza nilijiona nimezawadiwa. Nikakaa sokoni Karonga nachagua usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, nabishana bei kwa Kiswahili kwa raha zangu, maana wachuuzi wengi pale wanakijua. Ilikuwa Juni. Tulipoingia kambini Chitimba, kando ya ziwa hilo, saa yangu ilisema saa 11 na nusu jioni, na jua lilikuwa limeshazama. Saa ndiyo iliyorudi nyuma, jua halina habari na mpaka. Nilikata vitunguu kwa taa za lori huku wadudu wa ziwani wakidondoka kwenye sufuria, na wageni wakaniuliza kwa adabu kama ile ni pilipili manga.

Nikasema ndiyo.

Chakula chenyewe kinafuata barabara, si orodha uliyoandika nyumbani. Vitunguu vinunuliwe Ruaha Mbuyuni, nyanya Ilula, viazi mkipita Makambako, mchele wa Kyela mkikaribia mpaka. Kwa watu 20 wenye njaa, kilo 2 na nusu za mchele zinatosha, na kiporo kidogo kinabaki kwa dereva, ambaye asubuhi hataki uji wa shayiri wa kizungu. Mkishavuka, ugali unaitwa nsima Malawi na nshima Zambia, nao ni laini kuliko wetu. Msiulize mbona haujaiva. Umeiva.

Jambo moja ambalo wapishi wapya hawaambiwi: msipike maharage makavu kwenye ukingo wa Ngorongoro. Kambi ya Simba iko juu, kama mita 2,300 kutoka usawa wa bahari, na huko maji huchemka kwenye nyuzi 92 hivi badala ya 100. Nilichemsha maharage jioni nzima, gesi ikaisha, na bado yalikuwa yanagonga meno kama kokoto. Huko pikeni tambi, supu na wali, na mjifunike, maana baridi ya Julai pale haina utani. Maharage yawekeni akiba hadi Ziwa Nyasa, ambako hamjapanda hata mita 500. Mkiyaloweka asubuhi kwenye ndoo yenye mfuniko, gari linayatikisa mchana kutwa na jioni yanaiva upesi.

Sasa wanyama, kwa kuwa najua mnawasubiri. Kambi za wazi za Seronera, ndani ya Serengeti, hazina uzio. Jiko lake limezungushiwa nondo kama ngome, na mgeni akiliona hudhani ni la kuwafungia wapishi. Pikieni humo na chakula kibaki humo. Pundamilia wakikata majani nyuma ya hema lako usiku, lala. Tembo huja kambi ya Simba kunywa kwenye tangi la maji la kambi, nao mkiwaachia nafasi wanakunywa na kuondoka. Ubaya unaanza pale mtu anapoona kanuni zinawahusu wenzake tu. Kule Luangwa Kusini, Zambia, mgeni mmoja alificha machungwa mawili ndani ya begi, akalibeba hadi hemani. Tembo ana pua. Alipasua ukuta wa hema mchana kweupe, taratibu kabisa, akala machungwa, akaondoka. Bahati mwenyewe alikuwa anaoga. Hema lile tulilishona kwa uzi wa gunia na likavuja mvua hadi mwisho wa safari.

Na mimi nisijifanye malaika. Seronera niliacha kandambili nje ya hema, fisi akabeba mmoja. Nilipika siku 3 nikiwa na kandambili mguu huu na raba mguu ule. Viatu vinalala ndani, kila usiku, miguuni pako, mahali pale pale. Tochi mkono wa kulia. Maji ya kunywa mkono wa kushoto. Ukiwa na mpangilio huo, ukiamka saa 9 usiku tumbo linakuita, hupapasi. Na kabla ya kutoka, mulika pande zote kwanza. Ukiona macho yanakuangalia, rudi ndani, choo kitasubiri.

Lakini katika miaka yote hiyo sikuona safari iliyoharibiwa na simba. Nimeona 4 zilizoharibiwa na tumbo la kuhara. Mmoja anaanza, kufika kesho kutwa lori zima linasimama kila kilomita 10. Kwa hiyo mabeseni yawe matatu: la kwanza maji moto na sabuni, la pili maji ya kusuuza, la tatu maji yenye dawa ya kuua vijidudu. Kisha vyombo havifutwi. Kitambaa cha jikoni kikishafanya kazi siku mbili kinafuta uchafu wa sahani hii na kuupeleka kwenye ile. Simameni duara mkavipunge hewani hadi vikauke. Mara ya kwanza mtajiona vichaa, na watoto wa kijijini watakuja kuwacheka, na ni haki yao. Dumu la kunawia lenye bomba na sabuni likae mwanzo wa foleni ya chakula, si mwisho. Asiyenawa hapakuliwi, hata kama ndiye aliyelipia mafuta. Ziwani, kabla ya kuruka majini, kumbukeni kichocho kipo. Mkirudi nyumbani mkapime, msisubiri dalili.

Kuhusu hasira nitasema kidogo, maana hazina dawa ya dukani. Kuanzia siku ya 9 hivi watu huacha kusalimiana asubuhi. Nimeshuhudia watu wazima wakinuniana kwa ajili ya kiti cha dirishani. Zamu zilizoandikwa zinasaidia sana: leo nyie mnaosha, wale wanafagia gari, hawa wanakata mboga, kesho mnabadilishana. Karatasi ibandikwe mlangoni ili asigombane mtu na mtu, agombane na karatasi. Na kila baada ya siku 4 au 5, laleni mahali pamoja usiku mbili. Siku ya katikati kila mtu aende kwake. Afue nguo, anyoe ndevu, apige simu nyumbani. Mimi siku hizo nilikuwa nakaanga chapati na sikuongea na mtu hadi saa 6 mchana.

Kufungasha ni alfajiri, kwenye umande au mvua. Msikunje hema bichi mkalisahau, litaoza na kunuka panya. Mkisimama kula mchana, litandazeni juu ya vichaka. Nusu saa ya jua inatosha wakati mnakula mikate.

Mwisho kabisa, gari likiwa tayari linanguruma, mzee wetu wa usukani alikuwa anakataa kuondoka kabla sijazunguka. Nilikuwa napita kwenye kila kipande cha nyasi kilicholaliwa, tochi mkononi, nikihesabu vigingi. Mara nyingi kilikuwa kinapungua kimoja. Mara nyingi kilikuwa cha hema langu.