Riba Ilipopunguzwa, Mkopo Ulikwenda Wapi?

SWALI: Mhariri, mwaka 2017 sheria ilikuwa imeziwekea benki za Kenya kikomo cha riba, lakini niliponyimwa mkopo wa kununua robota la mitumba katika soko la Gikomba, Nairobi, nilishangaa. Sheria hiyo haikuwa ya kutulinda?

JIBU: Dada, ndivyo ilivyokusudiwa. Tangu Septemba 2016 hadi Novemba 2019, riba ya mikopo haikuruhusiwa kuzidi kiwango cha riba cha Benki Kuu kwa zaidi ya pointi 4 za asilimia. Lakini riba ni bei inayobeba pia hatari ya kutolipwa, na bei hiyo ilipobanwa, benki nyingi ziliona heri kuikopesha serikali kuliko mchuuzi mwenye daftari la mauzo lakini asiye na hatimiliki ya kuweka dhamana. Inaniuma kwamba wengi walikimbilia mikopo ya simu, mingine ikitoza asilimia 7.5 kwa siku 30 tu.