Chupa mbili za insulini za mama
Dada, umesema mama yako hapo Ngamiani kapewa chupa mbili za insulini, dawa ya kisukari ya kuchoma, na unauliza kama abaki na moja tu. Asiache yoyote mpaka daktari wake aseme, maana kila chupa ina kazi yake.

Ile isiyo na rangi ni ya haraka. Anachoma, na baada ya dakika 30 hivi anakula. Basi wali uwe umeshaiva! Akichelewa kula, sukari inashuka: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa. Kama anaweza kumeza, mpe maji ya sukari upesi. Soda isiyo na sukari haisaidii kitu.

Ile nyeupe kama tui, iitwayo NPH, huanza taratibu, baada ya saa 1 hadi 2, na hudumu nusu siku au zaidi. Iviringishe viganjani, usiitikise. Kama ameelekezwa kuchanganya zote mbili kwenye bomba moja la sindano, avute kwanza isiyo na rangi.

Na joto letu hili la Tanga: chupa iliyofunguliwa ni wiki 4 hivi tu, tena ikae pahali pa baridi. Ikiganda kwenye friza, itupwe hata kama imejaa.