Joho la Antony: maswali yenu kuhusu ushawishi jukwaani

Swali: Katika Julius Caesar ya Shakespeare, Antony, rafiki wa Caesar, anahutubia mazishini mpaka Warumi wanawageukia waliomuua Caesar. Alidanganya, au ni fundi wa maneno tu?

Jibu: Alidanganya, na ufundi wake ndio unaouficha uongo. Litazame lile joho la Caesar analolishika. Anawaonyesha tundu moja baada ya jingine: hapa lilipita jambia la Cassius, hapa Casca, hapa Brutus. Lakini Antony hakuwapo Caesar alipochomwa. Trebonius, mmoja wa waliokula njama, alikuwa ameshamvuta pembeni. Angejuaje tundu lipi ni la nani? Hakuna anayeuliza, watu wanalia tayari. Kisha anawasomea wosia wa Caesar: sarafu 75 za drakma kwa kila raia. Umati unatoka pale na kumrarua Cinna mshairi, kosa lake kufanana jina na mmoja wa waliokula njama. Baada tu ya hapo, mwanzoni mwa tendo la nne, Antony huyohuyo anaagiza wosia uletwe, watazame namna ya kupunguza malipo! Mimi siwezi kumsamehe hilo.

Swali: Brutus, mmoja wa waliomuua Caesar, aliyehutubia kabla ya Antony, alikuwa mkweli. Mbona alishindwa?

Jibu: Alimwachia Antony uwanja akaenda zake. Na hata yeye simsifu sana: anauliza ni nani pale aliye duni kiasi cha kutaka kuwa mtumwa, kama yupo aseme. Nani atafungua kinywa?

Swali: Je, uongo wa kuokoa wengi?

Jibu: Sophocles, mtunzi wa tamthilia wa Ugiriki ya kale, aliliweka suala hilo jukwaani mwaka 409 KK, katika Philoctetes. Odysseus, kiongozi wa Wagiriki vitani, anamtuma kijana Neoptolemus akamlaghai Philoctetes, mgonjwa aliyetelekezwa kisiwani Lemnos, maana bila upinde wake Troy, mji wa adui, hautaanguka. Maumivu yanapomzidi, mgonjwa anamkabidhi kijana upinde kwa imani, kisha usingizi unamchukua. Hila imefaulu. Lakini kijana anashindwa kuubeba ule uongo. Anaurudisha upinde, Odysseus akimtishia. Niko upande wa kijana.

Swali: Mimi ni mwalimu. Nikiisoma hotuba ya Antony darasani, si nitawafunza watoto ulaghai?

Jibu: Isome, mwalimu. Nyerere, mwalimu mwenzako na mwanasiasa, aliitafsiri tamthilia hii nzima, ikachapwa 1963. Mpe mwanafunzi mmoja shuka iwe joho, aigize hotuba kwa nguvu zake zote. Mwingine mwagize akae nyuma, na tundu la kwanza likionyeshwa asimame aulize: “Wewe ulikuwa wapi wakati ule?”