Utoto Wetu Usiwe Fimbo ya Kuwapigia Watoto Wetu

Kaka yangu akija Lamu kutoka Mombasa hakosi jioni moja ya kukaa dakani, ukumbi wa mlangoni mwa nyumba, na kuwahadithia watoto jinsi yeye na wenzake walivyokuwa wakijitumbukiza baharini kutoka gatini maji yanapojaa, jinsi walivyokwea majahazi yaliyotia nanga na kurukia kutoka kwenye tezi, sehemu ya nyuma ya chombo, na jinsi walivyorudi nyumbani magharibi ikiadhiniwa, macho mekundu kwa chumvi. Watoto humsikiliza dakika chache, kisha macho yao huirudia simu, naye humalizia kwa maneno yale yale kila mwaka, kwamba watoto wa siku hizi hawana utoto. Kwa muda mrefu mimi nilikuwa namwitikia. Siku moja binti yangu, wakati huo akiwa na umri wa miaka tisa, aliniuliza bila ubaya wowote, "Na wewe, mama, ulikuwa ukirukia wapi?"

Sikuwa na la kumjibu, kwa kuwa sikuwahi kuruka popote. Nililelewa Mkomani, mtaa wa hapa Lamu, miaka ya 1980, asubuhi shuleni, mchana chuoni kusoma Kurani na alasiri dakani, na nilipotimiza kama miaka kumi na moja nikaambiwa kwamba sasa nimekua, na tangu siku hiyo bahari nikawa naiona kutoka darini. Pwani ya kaka yangu haikuwa yangu. Ninaanza na jambo hili kwa sababu ushauri wangu wa kwanza kwa mzazi mwenzangu anayetamani kumrudishia mwanawe utoto wa zamani ni kujiuliza kwanza utoto huo ulikuwa wa nani. Tukisema "zamani tulicheza mpaka jua likatua", mara nyingi waliocheza mpaka jua likatua walikuwa wavulana, nao dada zao walikuwa jikoni wakikuna nazi.

Kumbukumbu, tena, ina tabia ya mchuuzi mjanja, hupanga samaki wazuri juu ya kapu. Mimi ninaikumbuka harufu ya mahamri ya alfajiri, lakini nikitulia ninakumbuka pia homa ya malaria iliyokuwa ikitulaza kila baada ya mvua, na ndoo za maji ya kisima tulizobeba tangu tukiwa wadogo mno kwa kazi hiyo. Ninakumbuka viboko, vya shuleni na vya chuoni, tulivyochapwa hata kwa kosa la kusahau. Shuleni viboko vilipigwa marufuku nchini Kenya mwaka wa 2001, na Katiba ya 2010 ikaongeza ulinzi wa mtoto, lakini bado utamsikia mtu mzima akisema kwamba fimbo ndiyo iliyomnyoosha. Na ninakumbuka kwamba mtoto aliyefanyiwa ubaya na mtu mzima hakuwa na pa kusema. Mtaa mzima ulikuwa na haki ya kutuadhibu, ila kutusikiliza hakukuwa wajibu wa mtu. Leo mtoto wa Kenya anaweza kupiga namba 116 bila malipo akaomba msaada, na namba hiyo nimewakaririsha wanangu wote. Katika hilo, wao wamepata kilichotupita sisi.

Sasa nieleze kosa langu, kwa sababu ndilo lililonifundisha. Simu iliingia nyumbani mwetu kama mgeni mwenye heshima. Shule zilipofungwa mwezi wa Machi 2020 kwa sababu ya korona, tuliambiwa masomo yataendelea kwa njia hiyo, nikanunua simu ya pili kwa pesa niliyokuwa nimeiweka ya rangi ya nyumba. Januari 2021 watoto walirudi darasani, lakini simu haikurudi dukani. Binti yangu alikuwa akila nayo na akilala nayo ubavuni, na alijifunza kujibu "naam" bila kuinua uso. Nilivumilia, nikakemea, hatimaye nikafanya kile ambacho nadhani wazazi wengi wamekifanya, nikaificha ndani ya kopo la majani ya chai, juu kabisa ya rafu, nikamwambia atoke nje akacheze kama tulivyocheza sisi.

Alitoka. Alikaa barazani, mikono mapajani, akatazama punda wawili wakipita na magunia ya mchanga, akatazama njia tupu, akarudi ndani. Siku ya pili alikwenda kwa jirani, na baadaye nikajua kwamba alikwenda kutazama simu ya jirani. Siku ya tatu nilikuwa nimekaa jikoni nikiandika maagizo ya mahamri kwenye kundi la WhatsApp la wateja wangu, na kutoka maagizo nikawa nimeingia kwenye picha za arusi ya watu nisiowajua vizuri, aliposimama mlangoni akanitazama kwa muda. "Yangu umeificha, mama," akasema. "Na yako je?"

Nilikasirika, kama ilivyo desturi ya mtu aliyeambiwa kweli. Usiku ule, hasira ilipokwisha, nikajiuliza kwa makini ni nini hasa kilichokuwa dakani petu miaka ile ambacho hakipo leo. Daka lenyewe lipo. Ni lile lile, na baraza zake mbili za mawe zinazotazamana, chokaa imechubuka mahali pale pale. Kokoto zipo. Kilichokosekana ni bibi yangu.

Bibi alikuwa akishona kofia. Kila alasiri alikaa baraza ya kulia, mgongo ukutani, kitambaa cheupe gotini, akitoboa na kuzungushia uzi matundu madogo kuliko punje ya mtama, na kofia moja humchukua mshonaji miezi. Sisi tulicheza mdako, mchezo wa kurusha na kudaka kokoto, miguuni pake, na hatukumbuki kama alituangalia hata mara moja, ila mtoto akisema uongo, sindano ilisimama. Akipita mtu aliamkiwa, nasi tukajua huyo ni nani, ametoka wapi na ana udugu gani nasi. Tukigombana aliamua kwa neno moja, bila kuinua uso. Hapo ndipo nilipoiona tofauti ambayo nilikuwa sijaiona. Kofia hushughulisha mikono na macho, lakini huacha masikio. Simu huchukua vyote vitatu, na huchukua vya mzazi kabla ya kuchukua vya mtoto.

Kwa hiyo ushauri wangu hauanzi na simu ya mtoto. Tafuta kazi ya mikono inayoacha masikio wazi, ukae nayo mahali ambapo mtoto anaweza kukukuta, saa ile ile kila siku. Kwetu ni kati ya sala ya alasiri na magharibi. Simu yangu hubaki juu. Wateja wa mahamri nimewaarifu kwamba saa hizo sijibu, na hakuna aliyekufa njaa. Mimi huchambua mchele, humenya kitunguu thomu, hushona vifungo. Wiki ya kwanza nilikaa peke yangu kama mlinzi wa duka lililofungwa. Wiki ya pili binti alikuja kuuliza kitu, akakaa. Sikumwambia neno kuhusu zamani. Niliokota kokoto kumi na mbili, nikachora duara kwa chaki sakafuni, nikaanza kucheza peke yangu.

Kwa wale ambao hawakuucheza mdako, au wameusahau, kokoto huwekwa ndani ya duara au kishimo, nawe hurusha moja juu, na kabla haijashuka mkono ule ule uwe umezikumba nyingine nje ya duara na kurudi kuidaka. Ukirusha tena, unazirudisha zote ndani isipokuwa moja, ambayo huwa yako. Kwa maelezo ni jambo jepesi. Kwa vidole vyangu vya leo, nilikosa mara tano mfululizo, na kokoto moja ikabingirika hadi mferejini. Binti yangu alicheka mpaka akajishika tumbo, na nadhani kicheko kile, cha kumwona mama yake akishindwa, kilimvuta kuliko hadithi zote za kaka yangu. Alijaribu, akakosa, akajaribu. Baada ya siku chache aliomba simu arekodi video ampelekee binamu yake aliyeko Mombasa. Nilisita, kisha nikampa. Binamu alijibu kwa video yake mwenyewe, akicheza sakafuni mwa nyumba ya ghorofa kwa vifuniko vya chupa. Sikutarajia kwamba mdako utasafiri kwa simu, na tangu hapo nimepunguza ukali wangu kidogo.

Kidogo tu. Vipo vipimo ambavyo mzazi anaweza kuvishika bila kugeuka askari. Mwaka wa 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto wa chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne asizidi saa moja kwa siku. Kwa watoto wa miaka mitano hadi kumi na saba, shirika hilo hilo linasema mwili ufanye kazi ya kutoa jasho kwa wastani wa dakika 60 kila siku. Kwetu simu hulala sebuleni, si vyumbani, yangu ikiwa ya kwanza kuwekwa. Sharti la mwisho hilo ndilo gumu, na bila hilo mengine hayasimami.

Kuna jambo la pili ambalo zamani lilitulea bila sisi kujua, nalo ni kutumwa. "Nenda kwa Bi fulani, umwamkie, umwambie mama anaomba kijiko cha iliki." Katika ombi hilo mtoto alijifunza njia, adabu, hesabu na kumbukumbu, na akirudi amesahau chenji alijifunza na hilo pia. Ninaelewa kwa nini tuliacha. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni mwezi wa Juni 2014, kaunti yetu iliwekewa amri ya kutotoka nje usiku, tukazoea kufunga milango mapema na kuwahesabu watoto kabla ya giza, na hofu ikiingia nyumbani haitoki siku ile amri inapoondolewa. Ipo pia hofu ya mihadarati, ambayo si ya kubuni, na sasa pikipiki zinazopita barabara ya ufuoni kwa kasi. Lakini vichochoro vya ndani vya mji wa kale bado ni vya watu na punda, na wazazi wa miji mingi wangetamani kuwa navyo. Anza karibu. Mimi nilianza na duka la tatu kutoka mlangoni, mchana, nikiwa nimemwarifu mwenye duka. Mwezi uliofuata binti yangu akavuka mtaa mmoja. Alipotea mara moja, akaulizia kwa mzee aliyekuwa barazani, na mzee huyo akamleta mpaka nyumbani, akidai chai kwa kazi hiyo.

Na bahari. Hili nililifanya kwa ajili yake, na sehemu yake, nakiri, ilikuwa kwa ajili yangu. Mtoto wa kisiwani asiyejua kuogelea ni hatari inayotembea, awe wa kiume au wa kike, na kwa wasichana tumeliacha kwa visingizio vya stara ambavyo vina ufumbuzi. Tulikubaliana akina mama wanne, tukawa tunakwenda pwani ya Shela mapema asubuhi siku za Jumapili, wasichana wakiwa na suruali na mashati marefu, pamoja na dada mmoja anayejua kuogelea hasa. Kwa anayetaka kufanya hivyo, chagua siku za maji mafu, kwani siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa na kupwa kwa nguvu, na mkondo wa kati yetu na kisiwa cha Manda haumjui mtoto wa mtu. Kaeni penye kina cha kiuno. Mtu mzima mmoja asiingie majini, kazi yake iwe kuhesabu vichwa tu. Mimi nilijifunza kuelea nikiwa na miaka arubaini na sita. Maji yaliniingia masikioni, nikaliona anga lote kwa mkupuo mmoja, na nikamwonea kaka yangu wivu wa miaka thelathini na mitano kwa dakika moja hivi.

Kaka huyo alikuja tena Idi iliyopita. Baada ya watoto kugawiwa mkono wa Idi alikaa dakani, akakohoa, akaanza, "Sisi zamani..." Binti yangu, ambaye siku hizi hana subira na hotuba, alimwekea kokoto mbele akamwambia aanze yeye. Ikadhihirika kwamba mjomba mtu hakuwahi kucheza mdako maishani mwake. Ulikuwa mchezo wa wasichana, nao wavulana walikuwa gatini. Alirusha kokoto ikampiga pajini. Alirusha ya pili, simu ikalia mfukoni, akaitoa ili aangalie ni nani.

"Iweke juu kwanza, mjomba," akaambiwa, "pamoja na ya mama."

Akaondoka akapanda ngazi kwenda kuiweka.